Kabla hujamgusa chura: maandalizi ya prakitiko ya moyo

Kama wiki hii zamu yenu ni prakitiko, yaani zoezi la maabara, ya moyo wa chura, neva na dawa, soma hapa kabla hujavaa koti. Nimelisimamia zoezi hili miaka kadhaa, na kabla ya kulisimamia nililiharibu mwenyewe, tena vibaya.

Chura kwanza. Ubongo na uti wa mgongo viharibiwe na mtu aliyefunzwa na mwenye ruhusa, ili mnyama asihisi chochote. Hapo si mahali pa mwanafunzi kujaribu bahati yake. Na kama ni chura wetu wa ngozi kavu yenye vinundu, usimminye zile tezi mbili zilizo nyuma ya macho. Utomvu wake mweupe una sumu inayoushika moyo kwa namna ileile ya dijoksini, dawa ya moyo wanayopewa wagonjwa. Ukidondokea kwenye moyo, umeshatia dawa ya kwanza bila kujua. Nawa, badilisha glovu, endelea.

Maji ya Ringer, yaani maji ya chumvi yanayouweka moyo hai nje ya mwili, yatengenezwe siku hiyohiyo. Kwa lita moja: chumvi ya kawaida gramu 6.5, kloridi ya potasiamu 0.14, bikaboneti ya sodiamu 0.2, na kloridi ya kalsiamu 0.12. Kalsiamu itiwe mwisho, maji yakiwa yamekaribia kujaa, la sivyo itagandana na bikaboneti na utaona ukungu mweupe. Usiniletee dripu ya hospitali ya asilimia 0.9, ile ni ya binadamu, na haina kalsiamu. Moyo utadunda kidogo kisha utafifia, nanyi mtaanza kumlaumu chura. Sydney Ringer mwenyewe aligundua jambo hili London miaka ya 1880 kwa sababu ya maji tu: maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu, yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa, hayakuwa nayo. Na msiyatumie yakiwa yametoka kwenye friji. Moyo wa chura hufuata joto la maji. Ubaridi peke yake huupunguza kasi, nanyi mtaandika kuwa ni asetilikolini, kemikali ya neva inayopunguza mapigo.

Kalamu ya kuchorea: kabla ya kuanza, vuta kwa kidole taratibu uzi unaoiunganisha na moyo uone mchoro unakwenda juu au chini. Andika pembeni upande upi ni kujikaza na upi ni kulegea. Kila mwaka kuna kundi linalosoma mchoro kichwa chini.

Neva, yaani vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, ishikwe kwa uzi. Koleo likiibana mara moja, imekwisha. Iloweshwe kwa Ringer muda wote. Umeme uanze chini kabisa, mipigo 10 hadi 20 kwa sekunde, sekunde chache tu, kisha pumzika dakika mbili tatu. Ukipandisha volti kwa pupa, umeme unaruka hadi kwenye misuli ya jirani na kwenye moyo wenyewe, na hapo hujui tena unapima nini. Mnachotarajia ni moyo kupunguza kasi, pengine kusimama kabisa. Ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Weber walilionyesha hilo mwaka 1845. Mkiendelea kusisimua, moyo hutoroka na kuanza kudunda tena huku umeme bado unapita. Msishtuke. Hata huo uandikeni.

Sasa dropa, kile kibomba cha kudondoshea dawa. Hapa naomba utulie, maana hapa ndipo nilipoungulia.

Nilikuwa mwaka wa pili. Kundi la asubuhi lilikuwa limeshamaliza, sisi tukaingia mchana. Nikaikuta dropa imelala kando ya beseni, nikaisuuza mara moja kwa maji ya bomba, nikaanza kuudondoshea moyo maji ya Ringer usikauke. Moyo unadunda safi. Tukasisimua vagasi, tukangoja usimame. Haukusimama. Baada ya sekunde kadhaa ukaongeza kasi. Tukapandisha volti, ukaongeza zaidi. Mwenzangu akasema labda nyaya zimegeuka, tukazigeuza. Labda tumeshika neva siyo. Akachimba upande wa pili. Mwisho tukaomba chura mwingine, na mimi, kwa uangalifu mkubwa, nikaulowesha moyo wake kwa dropa ileile. Matokeo yaleyale. Asetilikolini tukaidondosha, moyo haukujali hata kidogo. Adrenalini ikafanya kazi barabara: kasi juu, kujikaza kwa nguvu.

Chura wawili na saa tatu za prakitiko zikaisha hivyo. Kwenye ripoti nikaandika, kwa herufi za kujiamini, kwamba vagasi huongeza mapigo ya moyo wa chura, na nikatunga aya nzima ya kueleza kwa nini. Mkufunzi aliirudisha ikiwa na neno moja la wino mwekundu: “Dropa?”

Alijua bila kuwepo. Kundi la asubuhi lilimalizia na atropini, na kile kimpira cha juu cha dropa hubaki na tone hata ukiisuuza. Atropini hukalia vipokezi, yaani sehemu ambazo asetilikolini hushikia kwenye moyo, kwa hiyo breki inakatika, ije kwa neva au kwa chupa. Vipokezi vya adrenalini haivigusi. Ukiona vagasi imegoma, asetilikolini imegoma, na adrenalini inafanya kazi, usitafute mchawi mwingine.

Lakini kwa nini mapigo yaongezeke, badala ya kubaki palepale? Kwa sababu vagasi ya chura ni kama kamba mbili zilizosokotwa pamoja: nyuzi za kupunguza kasi, na nyuzi za simpathetiki, zile za kuongeza kasi, zinazojiunga nazo njiani kuelekea moyoni. Siku ya kawaida breki huwahi na kushinda. Ukiiziba kwa atropini, inabaki pedali ya mafuta peke yake. Mwaka 1921 Otto Loewi alitumia mioyo miwili ya chura: akasisimua vagasi ya wa kwanza, akachukua maji yake ya Ringer na kuyapeleka kwa wa pili, nao ukapunguza kasi bila kuguswa na umeme. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba neva huzungumza na moyo kwa kemikali, na mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Mimi hujiuliza angefika wapi kama angetumia dropa yangu.

Basi kila dawa iwe na dropa yake, imefungwa uzi wa rangi yake. Ya atropini uzi mwekundu, ikae meza nyingine mpaka mwisho. Mpangilio ni huu: Ringer tupu, kiasi kilekile mtakachotumia kwa dawa, ili muone tone lenyewe linafanya nini, kisha neva, kisha asetilikolini, ambayo huondoka upesi kwa sababu moyo una kimeng'enya cha kuivunja, osheni, subirini mchoro urudi ulivyokuwa, kisha adrenalini, osheni kwa muda mrefu zaidi. Ndipo atropini, mrudie neva na asetilikolini. Baada ya atropini moyo huo hamuutumii tena kwa kitu kingine. Mkitaka propranololi, itafutieni moyo wake, mwone inavyoizuia adrenalini.

Adrenalini iliyogeuka rangi ya waridi imeshaharibika, mwaga. Asetilikolini iyeyushwe siku hiyo na ikae kwenye barafu. Kila dawa iandikwe kwenye mchoro palepale inapodondoshwa, na saa yake, usiseme utakumbuka. Mmoja adondoshe, mmoja aandike, na asiyekuwa na kazi asiguse meza, maana mtikisiko nao huchora mapigo. Simu ikae mfukoni. Sindano na vipande vya chura viende kwenye ndoo zake. Na ukiwa umeshika atropini usijikune jicho hata likikuwasha vipi: mboni itapanuka, mwanga utakuumiza, na usiku huo hutasoma chochote.