Jinsi ya kufuatilia kazi ya seneta wa Ireland, ukumbini na kwenye kamati

Hotuba ndizo rahisi kupata, na ndiyo maana wengi huishia hapo. Unaandika jina la seneta kwenye kisanduku cha kutafutia, unapewa orodha ndefu ya siku alizosimama kusema, unahesabu, kisha unaandika kwamba ni mchapakazi. Kazi yangu ni kusoma kumbukumbu za mabunge na kuwaandikia wateja muhtasari, na nakuambia idadi ya hotuba ndiyo taarifa dhaifu kuliko zote utakazookota. Fuata muswada. Hotuba zenye maana utakutana nazo humo humo njiani.

Nitamtumia Seneta Frances Black kama mfano. Ni mwanamuziki, aliingia Seanad, yaani Seneti ya Ireland, mwaka 2016 akiwa huru, bila chama, na rekodi yake ina karibu kila kitu utakachohitaji kujifunza. Vyote viko bure kwenye tovuti ya bunge, oireachtas.ie.

Hatua ya 1: Jua ameingia kwa mlango gani

Seanad Éireann ina maseneta 60. Kati yao 43 hupitia majopo matano: utamaduni na elimu, kilimo, kazi, viwanda na biashara, na utawala. Wanaowapigia kura ni madiwani, wabunge na maseneta wenyewe, si wananchi wa kawaida. Wengine 6 huchaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu, na 11 huteuliwa na Taoiseach, yaani waziri mkuu. Kwa hiyo ukiwa umezoea Seneti ya Kenya, weka kando wazo la seneta wa kaunti. Black alipitia jopo la viwanda na biashara, na huwezi kumpima kwa barabara na visima vya eneo fulani.

Jua pia mipaka ya nyumba yenyewe. Seanad haiwezi kuua muswada wa kawaida uliopitishwa na Dáil, nyumba ya wabunge. Inaweza kuuchelewesha siku 90. Muswada wa fedha inapewa siku 21 tu za kutoa mapendekezo. Mwaka 2013 wananchi waliulizwa kwenye kura ya maoni kama nyumba hii ifutwe, wakakataa kwa asilimia 51.7. Anayelalamika kwamba seneta "hakuzuia sheria" huwa hajui hayo.

Hatua ya 2: Mpate mtu sahihi kwenye kumbukumbu

Fungua orodha ya wajumbe, chuja kwa Seanad na kwa muhula, kisha ingia ukurasa wake. Kwa maseneta wa sasa hapana shida. Kwa wa zamani, angalia majina. Mary Robinson, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Ireland na kisha Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alichaguliwa seneta mwaka 1969 akiitwa Mary Bourke. Aliolewa Desemba 1970. Ukisoma kurasa za mwaka wake wa kwanza ukitafuta "Robinson" peke yake, utadhani alikaa kimya.

Wenye ujuzi wa kuandika programu wana njia ya mkato: api.oireachtas.ie hutoa data ya wajumbe, miswada, mijadala na kura. Kila mjumbe ana kitambulisho kinachoundwa na jina lake, herufi ya nyumba na tarehe aliyoingia bungeni mara ya kwanza. Tumia hicho, maana majina yenye alama za Kiayalandi juu ya irabu hukuchezea kila mara.

Usihangaike kutafuta maswali ya bunge aliyouliza. Hayo ni ya wabunge wa Dáil.

Hatua ya 3: Tenganisha aina za mchango

Sehemu kubwa ya yale utakayoona chini ya jina la seneta yeyote hutoka kwenye Order of Business, kipindi ambacho maseneta husimama mmoja mmoja na kutaja jambo lolote: hospitali, mechi ya wikendi, msiba wa mtu maarufu. Ni dakika chache kila mmoja, kisha kiongozi wa nyumba anajibu kwa jumla. Hapa ndipo hesabu ya hotuba hufura. Mimi huzipitia haraka, nikibakiza tu zile ambazo jambo hilohilo limerudiwa kwa miezi.

Commencement Matters ni kitu kingine. Seneta mmoja analeta suala moja, na waziri anakuja kulijibu. Soma jibu kabla ya hotuba. Mara nyingi anayejibu ni waziri wa nchi kutoka wizara nyingine kabisa, amekabidhiwa karatasi asome, na seneta anapomfuata kwa swali la pili unaona wazi kama kuna chochote kilichoahidiwa.

Hatua ya 4: Fuata muswada kutoka mwanzo hadi ulipokwama

Hapa tumia muda wako mwingi. Tafuta muswada namba 6 wa mwaka 2018, Control of Economic Activity (Occupied Territories) Bill. Black aliuwasilisha Januari 2018, na lengo lake lilikuwa kupiga marufuku biashara ya bidhaa na huduma zinazotoka kwenye makazi haramu katika maeneo yanayokaliwa kijeshi, hoja kubwa ikiwa makazi ya Israeli katika ardhi ya Wapalestina. Ukurasa wa muswada unakuonyesha hatua zake kwa mpangilio, matoleo ya maandishi yake, orodha za marekebisho na viungo vya mijadala.

Anza na Second Stage, mjadala wa kanuni za jumla. Utagundua tarehe mbili. Mjadala ulifunguliwa mwisho wa Januari 2018, ukaahirishwa bila kura, ukarudi tarehe 11 Julai. Miezi hiyo katikati haina hotuba hata moja juu ya muswada huo ukumbini, lakini ndiyo iliyobeba siasa yake: serikali iliomba muda, naye akakubali. Anayehesabu hotuba hawezi kuliona hilo.

Siku ya Julai, msome Black, kisha msome Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Simon Coveney. Serikali ilipinga, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba biashara ya nje ni mamlaka ya Umoja wa Ulaya. Andika hoja hiyo pembeni, kisha endelea na hatua zinazofuata uone kama maandishi ya muswada yaliguswa ili kuijibu. Fungua toleo la mwanzo na toleo lililopitishwa na Seanad, uyaweke kando kwa kando. Kama neno limebadilika, rudi kwenye orodha ya marekebisho uone nani alilileta na nani alilipinga. Kazi ya seneta hukaa hapo.

Muswada ulipita hatua zote za Seanad tarehe 5 Desemba 2018, na tarehe 24 Januari 2019 Dáil ikaukubali katika Second Stage kwa kura 78 dhidi ya 45. Halafu ukakwama. Katiba ya Ireland haiiruhusu Dáil kupitisha muswada unaotumia fedha za umma bila serikali kutuma ujumbe wa fedha uliosainiwa na Taoiseach, na ujumbe huo haukuja. Ukimaliza ripoti yako kwenye ushindi wa Desemba, umemdanganya msomaji. Ukiandika kwamba muswada "ulishindwa", umemdanganya pia: serikali ilichapisha rasimu ya muswada wake juu ya jambo hilo Juni 2025.

Tahadhari moja kwa miswada ya serikali: angalia tarehe. Muswada wa pombe, Public Health (Alcohol) Bill 2015, ulianzia Seanad Desemba 2015, kabla Black hajachaguliwa. Aliukuta njiani na kuutetea. Jina lake kutokuwepo katika mjadala wa kwanza hakukuambii chochote.

Hatua ya 5: Soma kura

Kura iliyoitishwa huchapishwa kwa majina, chini ya vichwa viwili vya Kiayalandi: Tá ni wanaokubali, Níl ni wanaokataa. Ile ya 11 Julai 2018 ilikuwa 25 kwa 20. Fine Gael, chama cha serikali, kilipinga. Fianna Fáil, Sinn Féin, Labour, Greens na maseneta huru wakaubeba. Pitia majina yote, si jumla tu, maana pale ndipo unapojua seneta asiye na chama alijengaje wingi.

Lakini mengi huamuliwa kwa sauti. Ukiona imeandikwa kwamba wajumbe waliosimama kudai kura hawakufika watano, hapakuwa na kura ya majina, na waliopinga utawapata kwenye Journal of Proceedings, daftari rasmi la shughuli za nyumba, sio kwenye kumbukumbu za mjadala. Wachache hufika huko. Wewe fika.

Hatua ya 6: Kamati, na mitego yake

Committee Stage ya muswada, yaani hatua ya kupitia vifungu kimoja kimoja, katika Seanad kwa kawaida hufanyika ukumbini, wajumbe wote wakiwepo. Kamati za pamoja za wabunge na maseneta ni chombo tofauti, zenye wageni, taarifa za maandishi na maswali. Zitafute kivyake kwa jina la kamati na tarehe.

Mtego mkubwa ni uenyekiti. Black aliongoza kamati ndogo ya afya ya akili katika muhula wa 2020 hadi 2024. Mwenyekiti mara nyingi huandikwa kwa cheo chake, si kwa jina, kwa hiyo ukitafuta "Black" ndani ya ukurasa unaweza kumkosa kabisa. Ukimpata, usifurahie wingi wa aya: nyingi ni za kukaribisha wageni, kugawa zamu, na kusoma lile onyo la kila kikao kwamba shahidi asimshutumu mtu aliye nje ya bunge. Ruka hadi anapouliza yeye mwenyewe. Kisha tafuta ripoti ya kamati, ulinganishe mapendekezo na maswali aliyokuwa akiyashikilia. Vikao vya faragha havina kumbukumbu za maneno, usivihesabu kama utoro.

Hatua ya 7: Panga na unukuu

Jedwali la safu saba linatosha: tarehe, ukumbi au kamati, aina ya mchango, muswada, alichotaka, jibu la serikali, matokeo. Safu ya "alichotaka" ijaze kwa maneno yako, sentensi moja. Ukishindwa kuijaza, pengine hakutaka kitu.

Kiungo utakachohifadhi kiwe cha ukurasa wa mjadala wa siku hiyo, si cha matokeo ya utafutaji, ambayo hubadilika kila ukigusa kichujio. Sehemu zilizosemwa kwa Kiayalandi huchapishwa kwa Kiayalandi, hivyo tafuta msaada wa mtu anayekijua kabla ya kuzikisia. Na kama maneno yenyewe ndiyo habari, sikiliza video kwanza, kwa sababu waandishi wa kumbukumbu husafisha marudio na kigugumizi kabla ya kuchapisha.