Baiskeli inapunguza, korosho zinarudisha
Ndugu zangu mnaotoka Mikindani kwa baiskeli kwenda kazini Mtwara mjini, kama kilomita 10 hivi, angalieni mnachotafuna mkishafika. Konzi moja ya korosho za kukaanga, gramu 30 tu, ina kalori zaidi ya 160. Ukila konzi mbili ukipiga soga, sehemu kubwa ya jasho la asubuhi imerudi mwilini. Sisemi muache, korosho ni chakula kizuri mno. Pima konzi yako nyumbani, ifunge kwenye karatasi, zilizobaki ziache kabatini. Mchana punguza ugali wa muhogo, ongeza kisamvu na samaki wa kuchoma. Kisamvu chenyewe kisielee tui, tafadhali. Na tairi lijaze upepo usiku. Asubuhi ukilikuta laini utaishia kupanda bodaboda.