Soketi ya bafuni ikianza visa

Nyumba nzima ikiwa giza, angalia Tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla ya Zanzibar, kwanza, huenda yuniti zimekwisha. Ikiwa ni soketi ya bafuni tu, sababu kwa kawaida ni unyevu. Mvuke wa maji ya moto na hewa ya chumvi huingia ndani ya boksi, na ukuta wa mawe na chokaa unakaa na maji siku nyingi baada ya mvua.

Kama breka ya kinga, ile ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja, inaanguka kila mara, chomoa vifaa vyote. Kuzima swichi tu hakutoshi: swichi za soketi nyingi hukata laivu (waya unaoleta umeme) peke yake, nyutro (waya wa kuurudisha) inabaki imeunganika na kifaa kibovu. Ukishachomoa breka ikakaa, ubovu umo kwenye kifaa, mara nyingi hita. Ikianguka hata soketi ikiwa tupu, maji yameingia kwenye boksi au waya. Tafadhali usiiondoe breka hiyo ili umeme ukae. Mtu aliyelowa, miguu chini kwenye sakafu ya maji, hana kinga nyingine.

Soketi inayopata moto au kunuka plastiki iliyoungua mara nyingi ina skrubu iliyolegea. Jaribu testa penye umeme kwanza, uhakikishe inawaka, kisha zima meinswichi, fungua soketi na uguse skrubu zote tatu kwa testa hiyo: isiwake. Vuta kila waya kwa mkono. Utakaochomoka ndio wenye kosa, na ncha yake utaikuta nyeusi au ina kutu ya kijani. Kata mpaka shaba ing'are, menya sentimita 1 hivi, kaza. Kahawia ni laivu, buluu nyutro, kijani na njano ethi (waya wa ardhini). Nyumba za zamani zina nyekundu, nyeusi na kijani.

Soketi iliyoungua usiisugue msasa ukairudisha. Vibati vya ndani vikishapata moto havibani tena plagi, na palipolegea panaungua upya. Hivyo hivyo iliyozoea kuchokolewa kwa kijiti tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie. Nunua mpya ya ampia 13.

Hita ya kilowati 3 inavuta ampia 13 kamili, kwa hiyo haifai kuchomekwa kwenye soketi: ipewe waya wake, breka yake, na swichi ya kukata laivu na nyutro pamoja. Boksi likiwa na kutu na ukuta una majimaji, mwite fundi umeme aihamishie soketi nje ya mlango, na tundu la zamani alizibe kwa kifuniko kitupu.