Imeili ya "kisanduku chako kimejaa": mimi ilivyoniliza, na ninavyoisoma sasa

Nafanya kazi ya kupokea buking kwenye ofisi ya safari hapa Arusha. Nikikueleza habari za imeili za wizi sisimulii ya kusikia, nililizwa mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua, umeme umekatika, natumia simu. Ikaingia imeili: kisanduku kimejaa, barua sita za wateja zimezuiwa, ingia ndani ya saa 24. Barua sita, na msimu wa wageni uko mlangoni! Nikabofya, nikaandika nenosiri. Ukurasa ukasema nimekosea. Nikaandika tena, taratibu. Safari hii nikaingia kwenye imeili yangu ya kweli, nikasahau. Kumbe lile "umekosea" ndio ujanja wenyewe: wanataka uliandike mara mbili ili wawe na uhakika.

Wiki mbili kimya. Humo ndani walitega kanuni: kila barua ya mzee mmoja wa Kijerumani iende kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Wakawa wanamjibu wao, mpaka na "Karibu sana" yangu ya mwisho. Kwenye invoisi walibadilisha namba ya akaunti ya benki tu.

Sasa nakagua hivi. Jina la mtumaji silijali, maana yeyote anaweza kujiita chochote. Kwenye simu, gusa hilo jina mpaka anwani kamili itokee. Linki usiibofye: ikandamize kwa kidole bila kuachia mpaka uone inakokwenda. Ruka https://, tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, halafu soma ukirudi nyuma. Chukua tra.go.tz.malipo-leo.com/ingia. Mwenye nyumba hapo ni malipo-leo.com. Hiyo tra.go.tz ya mbele, anwani ya mamlaka ya kodi, ni pambo, sawa na mtu aandike "Mnara wa Saa", ule wa katikati ya mji, kwenye kibanda chake cha Ngaramtoni, nje ya mji. Angalia pia r na n zikibanana, kwenye kioo kidogo zinasomeka m.

Alama ya kufuli isikudanganye. Inasema tu kwamba njia imefungwa wengine wasichungulie, haisemi uliyemfikia ni nani. Wezi nao wanayo, bure. Na ule ushauri wa kutafuta makosa ya lugha umepitwa na wakati. Imeili iliyoniliza ilikuwa na Kiingereza kizuri kuliko changu.

Kinachonisaidia kuliko vyote ni kivinjari kutunza nenosiri. Chenyewe hakitazami nembo wala rangi, kinalinganisha anwani. Ukifika kwenye ukurasa uliozoea kujijaza wenyewe, leo hapajazwi kitu, toa mkono kwanza usome anwani. Na kama una wasiwasi kisanduku kimejaa kweli, funga ile barua, ingia kwa njia yako ya kila siku, utaona nafasi iliyobaki.

Umeshaandika nenosiri? Usipoteze muda kuona aibu, mimi nilipoteza. Libadilishe, toa vifaa vyote vilivyoingia, kisha fungua mipangilio ukague kanuni za kuchuja, anwani ya kusambazia barua, na namba ya kurejeshea akaunti. Ukibadilisha nenosiri ukaiacha ile kanuni, barua zitaendelea kupotea. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani juu ya nenosiri unaombwa na namba ya muda, ila namba hiyo nayo usiiandike kwenye ukurasa uliofunguka kwa linki ya imeili. Kama kuna hela, mteja apigie benki yake saa hiyohiyo, nawe nenda polisi na imeili yenyewe, usiifute. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Yule mzee alikuja mwezi wa nane, hasara aliibeba bosi. Siku hizi kabla hajatuma hata dola 50 ananipigia, nimsomee tarakimu nne za mwisho za akaunti yetu. Namsomea, na yeye ananirudishia moja moja.