Kuweka faiwoli kwenye biashara Mwanza bila wafanyakazi kuichomoa

Faiwoli ni kifaa kinachochuja mawasiliano ya mtandao yanayoingia na kutoka kwenye biashara yako, na inayodumu ni ile ambayo watu wa kaunta wanaweza kufanya nayo kazi. Naanza na hilo kwa sababu wafanyabiashara wengi wanaonipigia simu hapa Mwanza, wa maduka ya jumla Makoroboi, wa hoteli za Capri Point, wa maghala ya Nyakato, huniuliza bei kwanza, kisha chapa, na habari za mhasibu wao au kijana wa stoo hazitajwi kabisa. Kumbe hao ndio wataamua kama kifaa kitakaa au hakitakaa.

Niliitwa duka moja la jumla la Makoroboi kwa sababu mtandao ulikuwa polepole. Kabatini nikakuta faiwoli nzuri, imewashwa, taa zinawaka, vumbi limetanda juu yake. Kebo ya intaneti haikupita humo. Ilitoka kwenye ruta ya mtoa huduma ikaingia moja kwa moja kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ndani. Dada wa kaunta hakunificha: "Fundi alipoiweka tu, risiti zikagoma. Wateja wamejaa mpaka barazani, bosi yuko safarini, fundi hapokei simu. Tukachomoa." Mimi siwezi kumlaumu. Risiti ya TRA, mamlaka ya mapato, isipotoka, mauzo yamesimama. Fundi alikuwa amefunga njia zote za kutoka isipokuwa poti 80 na 443, yaani milango ya mtandao inayotumiwa na tovuti, na hakuna aliyemuuliza programu ya risiti inapitia wapi. Tangu siku hiyo duka lilikuwa wazi kabisa, na mwenye duka akiamini amelindwa.

Kaa kaunta kabla ya kugusa kebo

Chagua siku yenye pilika, mwisho wa mwezi unafaa sana, uketi na daftari. Mimi huanza na mhasibu: "Shikamoo mama. Ukifika asubuhi unafungua nini kwanza?" Halafu unamwacha aeleze mpaka jioni. Usimuulize anatumia poti gani, hajui na hapaswi kujua. Muulize nini kikikwama bosi atapigiwa simu. Muulize nani mwingine huingia kwenye kompyuta yake akiwa mbali. Swali hili la pili limenifumbulia mambo mengi kuliko kifaa chochote cha kupimia: mara nyingi kuna fundi wa programu ya uhasibu aliyeko Dar es Salaam anayeingia usiku kupitia njia ambayo mwenye biashara hajawahi kuisikia.

Kwenye daftari la biashara ya kawaida utapata programu ya uhasibu iliyo kwenye seva ya chumba cha nyuma, risiti, mashine ya kadi, kamera, printa, simu za wafanyakazi, waifai ya wateja. Kwenye risiti, angalia vizuri. Mashine nyingi za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zina laini yao ya simu ndani, hazigusi mtandao wako. Programu ya VFD, inayotoa risiti hizohizo bila mashine, ikiwa kwenye kompyuta inategemea intaneti yako, na hiyo ndiyo ya kuijaribu kabla ya kuondoka.

Kisha ingia kwenye ruta iliyopo usome orodha ya vifaa vilivyopewa anwani. Linganisha na daftari. Kila kifaa ambacho hakuna mtu anayekitambua, kitafute kwa miguu, ukifuata kebo mpaka mwisho wake.

Kununua

MikroTik, ya Latvia, ndiyo utakayoikuta sehemu nyingi hapa mjini. Bei yake inavumilika, leseni huja na kifaa na hailipiwi kila mwaka, na mafundi wanaoijua wapo. Ubaya wake ni kwamba inafanya unachoiambia tu. Ukiiambia vibaya inatii vilevile. pfSense, na OPNsense iliyochipuka kutoka humo mwaka 2015, ni programu za faiwoli ambazo unaweza kuziweka bure kwenye kompyuta yenye kadi mbili za mtandao, na kurasa zake zinasomeka vizuri hata kwa mtu asiye fundi. Ukiweka pfSense, chagua mfumo wa faili wa ZFS, kwa sababu unastahimili umeme kukatika ghafla kuliko ule wa UFS. Fortinet na Sophos ziko daraja jingine: zina uchujaji wa tovuti, ukaguzi wa virusi, ripoti nzuri za kumwonyesha bosi, na leseni ya kulipia mwaka hadi mwaka.

Ukienda kwenye hizi za leseni, mambo mawili ya kumbana nayo muuzaji. Leseni ikiisha, nini kinaendelea kufanya kazi na nini kinasimama? Kwa kawaida kifaa huendelea kupitisha mtandao huku orodha za vitisho vipya zikiwa hazisasishwi tena, kwa hiyo kwa macho huoni tofauti yoyote. Weka gharama ya miaka mitatu kwenye bajeti, au usianze. La pili ni kasi. Tarakimu kubwa kwenye karatasi ya maelezo ni kasi ya kupitisha data bila kuikagua. Shuka chini kwenye jedwali utafute kasi ya ulinzi ukiwa umewashwa wote. Huwa ni sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza. Kifaa kilichonunuliwa kwa kutazama tarakimu ya juu ndicho kinachofanya ofisi nzima ilalamike kwamba faiwoli imeua intaneti.

Utauziwa pia ukaguzi wa data iliyosimbwa. Karibu tovuti zote siku hizi hutumia https, na ili faiwoli ione kilichomo lazima ifungue, isome, ifunge tena, na kila kompyuta iwekewe cheti chake. Simu zinagoma, programu nyingi za benki zinagoma, na simu za malalamiko zinaanza asubuhi hiyohiyo. Kwa biashara yenye kompyuta chini ya hamsini bila mtu wa IT wa kudumu, ushauri wangu ni kuuacha. Tumia DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani, inayozuia majina mabaya, kama 9.9.9.9 ya Quad9, ambayo ni ya bure na haimkeri mtu.

Radi ya ziwani isiachwe nje ya hesabu. Mvua zetu kubwa huja usiku na alfajiri zikitokea majini, na Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Weka UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, hakikisha waya wa ardhi upo kweli, na kebo inayotoka jengo moja kwenda jengine iwe ya faiba, kwa maana kebo ya shaba inaleta shoti ya jirani mpaka kwenye kabati lako.

Kugawa, kisha kufunga

Gawa mtandao kwanza kwa VLAN, yaani vipande vilivyotengwa ndani ya mtandao mmoja: ofisi na seva upande mmoja, mashine za malipo zao, kamera zao, simu na wageni zao. Wageni waende intaneti tu. Kamera zisiende popote isipokuwa kwenye kinasa picha chao. Ukifanya hivi tu na usifanye kingine, umeshapunguza hatari kubwa, maana simu ya mgeni yenye virusi haitaiona seva ya uhasibu. Kumbuka swichi iwe inayoweza kusanidiwa. Ile ya bei nafuu isiyo na usanidi haitagawa kitu.

Kutoka nje kuja ndani, funga vyote. Majibu ya mazungumzo yaliyoanzishwa na watu wako yapite, mengine yaangushwe. Sheria za faiwoli husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndiyo inayofanya kazi, kwa hiyo sheria ya kuruhusu uliyoiweka chini ya ile ya kuzuia yote ni kama haipo.

Hapa sina subira: usifungulie intaneti poti 3389 ya kuingilia Windows kwa mbali. Usifungulie 445 ya kushirikishana mafaili. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi ya kufunga mafaili na kudai fidia, ilipita humo kwenye kompyuta za dunia nzima, na kiraka cha Microsoft cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetoka tangu Machi. Usiache 8291, poti ya Winbox, programu ya kusanidi MikroTik, ikionekana kutoka nje. Tundu lililogunduliwa humo lilizibwa Aprili 2018, na bado miezi iliyofuata ruta kwa malaki zilitekwa, nyingi zikageuzwa kuchimba sarafu za kidijitali, kwa sababu tu wenyewe hawakusasisha. Bosi anayetaka kuona kamera akiwa Dodoma, mwekee VPN, njia ya siri iliyosimbwa ya kuingia kwenye mtandao wa duka, kwenye simu yake. Itakuchukua muda mfupi kumfundisha, na ukimweleza kwamba kamera iliyoachwa wazi inamwonyesha mwizi saa anayofunga duka, atakuelewa.

Kutoka ndani kwenda nje, nenda taratibu. Acha wazi, washa kumbukumbu za matukio, subiri mpaka mwisho wa mwezi mmoja upite, maana kuna kazi za mhasibu zinazofanyika siku hizo tu. Kisha funga kwa kufuata ulichokiona. Hapo ndipo lile duka la Makoroboi lilipoharibikiwa: walifunga siku ya kwanza.

Na kila sheria iandikie maelezo. Nani ameomba, kwa ajili gani, lini iondolewe. Sheria ya "MUDA, fundi wa kamera, iondoke Ijumaa" inaondolewa. Isiyo na maelezo haiguswi na mtu, kila anayekuja anaogopa kuivunja, na miaka inapita ikiwa wazi.

Ukiwa na tawi ng'ambo ya maji

Biashara nyingi za huku zina tawi Sengerema, Geita au Nansio kisiwani Ukerewe. Tawi likitumia laini ya simu, mara nyingi halina anwani ya IP inayofikika kutoka nje. Basi usihangaike kulipigia. Liache lenyewe lipige makao makuu, ambako utalipia anwani isiyobadilika. WireGuard, aina ya VPN ambayo MikroTik inayo tangu toleo la 7 la mfumo wake wa RouterOS, inafaa sana kwa hili kwa sababu ni nyepesi na inarudi yenyewe umeme ukirudi. Upande wa tawi weka muda wa kujulisha kuwa hai sekunde 25, la sivyo mtandao wa simu unaisahau njia na tawi linaonekana limekufa. Pia Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN zitoe taarifa zao, kwa hiyo kamilisha hilo na uweke karatasi yake kwenye faili la biashara.

Kabla ya kubadili sheria ya ruta iliyo mbali, bonyeza kitufe cha "Safe Mode" kwenye Winbox. Ukijikata mwenyewe, baada ya dakika kadhaa ruta inarudisha mambo yalivyokuwa. Sengerema siku hizi si mbali, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025. Lakini Nansio bado ni kupanda meli, kukaa saa kadhaa majini, na pengine kulala huko, kwa ajili ya mstari mmoja.

Siku ya kuwasha

Jumapili au jioni baada ya kufunga, kamwe isiwe mwisho wa mwezi. Ukimaliza, jaribu kila kilicho kwenye daftari lako, kimoja kimoja: toa risiti halisi, pitisha kadi, chapisha ankara, fungua benki. Kesho yake, Jumatatu, uwe pale kabla mlango haujafunguliwa na usiondoke mpaka jioni. Siku hiyo ni sehemu ya kazi, iandike kwenye ankara yako.

Halafu wape watu njia halali ya dharura. Hili wataalamu wengi hulikataa, mimi nalishikilia. Bandika kwenye mlango wa kabati karatasi yenye namba mbili za simu, yako na ya mtu mwingine atakayepokea, na chini yake hatua: piga, subiri dakika kumi, usipopata jibu meneja achomeke kebo nyekundu mahali palipoandikwa A, aandike saa na jina lake. Kebo hiyo ielekee kwenye mashine za malipo peke yake, wala isiguse seva. Watu wenye njia ya kueleweka hawachomoi hovyo. Na ukifika utajua ni saa ngapi na kwa nini.

Baadaye kazi ni ndogo lakini haiishi. Sasisha programu ya kifaa, ukisubiri siku chache baada ya toleo kutoka isipokuwa linaziba tundu la hatari. Hifadhi nakala ya usanidi nje ya kifaa kila unapobadili kitu. Soma kumbukumbu kila wiki, hata kwa dakika chache, ukitafuta kifaa cha ndani kinachogonga milango ambayo jana hakikuigonga. Ukipita dukani, muulize mama mhasibu kama kuna kinachomsumbua. Akisema waifai ya simu yake imekuwa nzito, usimpuuze, kwa sababu kero ndogo ndiyo inayompeleka kijana kununua ruta yake na kuichomeka chini ya meza. Faiwoli haitazuia barua pepe ya ulaghai anayoifungua mtu mwenyewe, wala flashi iliyotoka stesheneri, kwa hiyo nakala rudufu za data za uhasibu ziendelee kuchukuliwa kama kawaida na moja iwekwe nje ya jengo.

Siku ya kukabidhi, andika neno la siri la msimamizi, mchoro wa VLAN na tarehe ya leseni kuisha kwenye karatasi moja, uitie kwenye bahasha, uifunge mbele ya mwenye biashara naye asaini juu. Aiweke sefuni. Fundi atakayekuja baada yako aikute hapo, na jambo lake la kwanza liwe kubadili hilo neno la siri.