Sarafu ya tembo yenye tundu

Sarafu za dhahabu za rupia 15 (fedha ya enzi za Wajerumani) zilizopigwa Tabora mwaka 1916 (upande mmoja tembo mbele ya milima) ni chache: zilitoka 16,198 tu. Nzima ni ghali, hivyo mwenye mfuko wa kawaida atafute iliyowahi kuwa kidani. Tundu hushusha bei sana, lakini tembo ni yuleyule.

Hatari ni sarafu iliyozibwa tundu na kuuzwa kama nzima. Kwa lenzi ya kukuza mara 10, kagua ukingo wote, hasa juu ya tembo: rangi iliyopauka, mistari ya tupa au vidoti vya lehemu vinatosha kukushtua.

Kisha pima. Uzito halisi ni gramu 7.168, tundu hupunguza, lehemu huongeza. Weka glasi ya maji kwenye mizani ya sonara, irudishe kwenye sifuri, zamisha sarafu kwa uzi bila kugusa chini. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu: dhahabu yake ya karati 18 itasoma karibu gramu 0.48; shaba ya njano ya uzito huo, zaidi ya 0.8.

Usiisugue wala kuiziba upya. Tundu la wazi halimdanganyi mnunuzi.