Unarisiti Hisabati? Ondoa ratiba ukutani, andika swali

Ile ratiba ya rangi tatu uliyobandika ukutani, ishushe. Nafundisha tuisheni ya jioni. Wengi wa wanafunzi wangu wanarisiti kidato cha nne huku mchana wanauza duka au wanaendesha bodaboda, na ratiba zao nazijua: "Saa 2 hadi saa 4 usiku, Hisabati." Hisabati ipi? Mtu aliyechoka akikutana na agizo la namna hiyo ataosha vyombo, atapiga pasi, atajibu kila meseji ya kundi la ukoo. Tunamwita mvivu bure. Hajui pa kuanzia.

Kwa hiyo andika swali, usiandike somo. Kabla ya kulala chukua mtihani wa miaka ya nyuma (NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, wanayo kwenye tovuti yao, na steshenari za mtaani huuza), chagua swali moja, linakili juu ya ukurasa mtupu, acha daftari wazi na kalamu juu yake. Kesho ukirudi kutoka kazini unakuta mlinganyo mmoja tu unakungoja.

Muda upime kwa alama. Mtihani ni saa 3 kwa alama 100, maana yake kila alama ina dakika 2 kasoro kidogo. Swali la alama 6 lisizidi dakika 11; la alama 10, dakika 18. Tega simu ilie, halafu mpe mama aishike. Mama hana huruma na simu. Ikilia hujamaliza, piga mstari na uendelee kwa kalamu ya rangi nyingine. Mada zenye rangi hiyo nyingi ndizo za kurudia, hata kama moyoni unaamini unaziweza.

Mbinu ya Mwitaliano Francesco Cirillo, dakika 25 kusoma na 5 kupumzika, naikubali kwa Historia na Bailojia. Kwenye Hisabati inakukatisha swali ukiwa ndiyo kwanza umelishika.

Ukiruka siku, usilipe deni. Ukirundika ya jana juu ya ya leo, kesho hutakaa mezani kabisa. Fanya la leo.

Mtihani huwa Novemba. Kuanzia Agosti, swali moja halitoshi tena: kila wiki tafuta asubuhi moja ufanye karatasi nzima, saa 3 mfululizo, mezani, si kitandani, na usahihishe siku hiyohiyo.